Saa Hii Nani Huisugua?

Fundi wa saa wa sokoni haagwi kwa keki wala kwa hotuba. Anastaafu siku anapoangusha skrubu ya saa na asiione tena, halafu jirani yake muuza viatu anainama na kumwokotea. Mimi siku hiyo ilinifika pale soko la Jericho, Nairobi, mwaka jana. Aliyeniokotea alinirudishia kiganjani, akacheka kwa upole, na kuchekwa kwa upole ni kubaya kuliko kuchekwa kwa dharau. Nikafunga droo, nikaenda nyumbani mapema, nikapika githeri.

Nyinyi mliobaki kwenye safu yetu mmenisumbua niandike ninachojua kuhusu zile saa za mfukoni za Kimarekani, maana vijana wameanza kuzitaka tena. Wanazifunga kwa mnyororo kwenye kizibao siku ya harusi, wanapigwa picha, kisha wanawauliza nyinyi kwa nini saa haisemi ni siku gani. Nitaandika. Lakini mnanijua, Ndunge akitumwa dukani lazima apite kwa watu kwanza. Mtanivumilia.

Baba yangu alikuwa mchongaji kutoka Machakos, akiishi Jericho na kuchonga twiga na vifaru wa kuuzia watalii. Alinitakia ukarani, na kwa muda mfupi nilijifunza kupiga taipu, kazi iliyonishinda kuliko wote darasani. Wakati huo Kaloleni, karibu na ule ukumbi wa mikutano wa mtaa, kulikuwa na fundi wa saa aliyeitwa Mzee Gathogo. Baba alimchongea vijiti vyembamba vya mti laini, na mimi nilitumwa kuvipeleka. Vijiti hivyo vina kazi yake. Ukiwa umeifungua saa, kila gurudumu huwa na mhimili mwembamba kama unywele unaozunguka ndani ya tundu, na tundu hilo huziba kwa mafuta ya zamani. Chuma kitalikwaruza. Kijiti kilichochongwa ncha kinaingia, kinazungushwa, kinatoka kimebeba uchafu, na tundu linabaki zima.

Siku moja nilipeleka vijiti nikakaa kutazama. Kesho yake nikakaa tena. Siku ya tatu Mzee akaniuliza kama kwetu hakuna vyombo vya kuosha. Nikamwambia vipo, nimeviosha. Akasogeza kigoda kwa mguu, na hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Msidhani nilipewa bisibisi. Wiki nzima ya kwanza kazi yangu ilikuwa kusikiliza. Mzee ananipa saa, naiweka sikioni, namwambia kama ni nzima au inachechemea. Nilipokosea hakunikaripia, alinirudishia tu niisikilize tena mpaka nichoke na kiburi changu. Saa nzima hutembea hatua sawa. Iliyolala vibaya ndani huwa na hatua moja ndefu na moja fupi, kama mtu mwenye kiatu kilichoisha upande mmoja. Mpaka leo nikikaa kanisani nyuma ya mtu mwenye saa ya zamani, mahubiri hunipita.

Kaloleni ya siku zile ilijaa watu wa reli na watu wa kaunsili, na watu wa reli ndio waliokuwa na saa za Kimarekani. Wengine walizinunua kwa makarani wa Kihindi waliokuwa wanahama nchi, wengine waliachiwa na mabosi wao. Mara moja moja iliokotwa ndani ya koti kuukuu pale soko la mitumba la Gikomba, na aliyeiokota akatembea kwa unyenyekevu wa ghafla mpaka alipofika kwetu. Zilikuwa kubwa, nzito, uso mweupe na namba nyeusi ambazo mzee wa miaka sabini anazisoma bila miwani. Mzee Gathogo alizipenda kuliko zote. Alisema, "Aliyetengeneza hii alijua kuna siku mtu ataifungua, akamwachia nafasi ya vidole. Wanaotengeneza za siku hizi wanaomba usifungue."

Aliyonifundisha kuhusu kununua saa hizi ni machache, na sijaona la kuongeza. La kwanza, kule Marekani mashine na kasha viliuzwa kila kimoja peke yake. Mteja aliingia dukani akachagua mashine, kisha akachagua kasha la kuivisha, kama anavyochagua kitambaa na fundi wa kukishona. Kwa hivyo ukikuta jina la kiwanda kimoja ndani na la kingine kwenye mfuniko, usimwite muuzaji mwizi. Tafuta kwanza alama zilizoachwa na skrubu kwenye ukingo wa kasha. Zikiwa jozi moja, mashine na kasha ni mke na mume wa ujana. Zikiwa mbili, kuna ndoa iliyovunjika hapo, nayo pia si dhambi, mradi uambiwe kabla ya kununua.

La pili ni dhahabu. Makasha mengi ya njano si dhahabu tupu. Ni shaba ya njano iliyovikwa bamba jembamba la dhahabu, nje na ndani, na ndani ya mfuniko wenyewe waliandika kwa uaminifu kwamba dhahabu hiyo itavumilia miaka ishirini. Mzee alinigongea pale kwa kucha. "Ukiona wameandika miaka, jua kuna shaba chini. Dhahabu tupu haiahidi miaka."

La tatu alikuwa akiwauliza wateja, kila mmoja, kabla hata hajaifungua saa yake: "Saa hii nani huisugua?" Lilionekana swali la kijinga. Lakini mtu wa reli alipenda kung'ara. Alisugua vifungo vya koti, akasugua taa, akasugua kichwa cha mkanda, na Jumamosi akiwa nyumbani na kile kikopo cha dawa ya kung'arishia shaba, aliitazama saa yake na kuona ni haki nayo ipate. Ile dawa ina mchanga laini. Inang'arisha kwa kula. Mzee aliwaambia wote kitambaa kikavu, na taratibu, na waliobaki na dhahabu zao ni wale waliosikia.

Mmoja tu namkumbuka aliyekataa kabisa. Alikuwa gadi wa treni, mtu mrefu, mwenye sauti ya kuamuru behewa lisimame. Mzee alimwonyesha ukingoni palipoanza kupauka, akamwambia, "Mwambie anayeisugua aache, utabaki na shaba." Yule gadi akaitazama saa kwa muda, akairudisha mfukoni. "Wacha iende, Gathogo," akasema. "Kwa dhahabu nitanunua wapi siku ya kumwona mtoto akifurahi hivyo?" Mzee alilirudia neno hilo kwa miaka, kila mteja mkaidi alipotoka. Wakati mwingine alilisema kama mzaha, na wakati mwingine hakulisema kama mzaha.

Mzee alipofariki nilihamishia meza yake Jericho. Miaka iliyofuata nitaipita haraka, maana ilikuwa ya betri na kamba za plastiki, na sina hamu ya kuisimulia. Saa za mfukoni zilikuja mojamoja. Nawakumbusha tu kisa cha yule bwana arusi aliyeagiza yake kwa simu ikaja kwa posta. Alitaka kuiwekea majira, akavuta kile kitufe cha juu, kikakataa, akavuta kwa koleo. Saa za reli za Kimarekani hazibadilishwi majira kwa kuvuta kitufe, ili mtu asisogeze mishale kwa bahati mbaya na kugonganisha treni. Unafungua kioo, unavuta kijiti kidogo cha chuma kilichojificha karibu na namba moja, unageuza kitufe, kisha unakirudisha kijiti. Nilimwambia hivyo akiwa ameshika kitufe mkono mmoja na saa mkono wa pili. Akaniuliza, "Sasa si wangeandika?" Harusini alienda na saa isiyotembea, na kwa picha walizonionyesha haikujulikana.

Kazi yangu kubwa ya mwisho ililetwa na mwanamke aliyeitwa Wanza. Alikuja asubuhi moja, akasubiri niwe peke yangu, akafungua leso. Ndani yake kulikuwa na saa ya reli ya Kimarekani, imesimama, kasha lake la hudhurungi kama chai iliyolala.

Alinieleza kwa Kikamba, na mimi nawaelezea kwa Kiswahili. Ameolewa Kaloleni, kwa Wakikuyu, na mumewe ni dereva wa malori ya masafa marefu ambaye nyumbani ni mgeni. Baba mkwe wake, Mzee Njuguna, aliugua muda mrefu, na ni Wanza aliyemwosha, akamlisha, akamgeuza kitandani. Kabla hajafa alimwita akampa saa yake mbele ya watu. Hilo hakuna aliyelipinga. Taabu ilianza baadaye, wifi yake mkubwa alipoiona. Wifi huyo, Mama Shiro, anauza mapazia Gikomba, na ndiye sauti ya ile familia. Aliishika saa, akaigeuza, akasema hii si ya baba. Ya baba ilikuwa dhahabu. Hii ni shaba. Mtu ameuza kasha la dhahabu na kuvisha mashine kitu cha mafundi wa jua kali.

"Alikuita mwizi?" nikamuuliza.

"Hakusema mwizi. Alisema kikulacho ki nguoni mwako. Halafu wote wakaniangalia."

Na sasa jambo lilikuwa limefika pabaya. Jumamosi iliyokuwa inakuja ilikuwa ruracio ya Shiro, siku ya wakwe kuleta mahari, na Wanza alikuwa ametumiwa ujumbe asije mpaka dhahabu ya mzee irudi. Mnajua mambo ya jikoni siku kama hiyo. Mke wa mjomba asipokuwepo kwenye sufuria, wageni wenyewe wataulizana yuko wapi, na jibu lolote litakalotolewa litamfuata hata uzeeni. Na Shiro, binti wa huyo wifi, Wanza ndiye aliyemlea nusu ya utoto wake. Wanza akakunja leso, akaikunjua.

"Niandikie barua, mama," akasema. "Useme saa haijabadilishwa."

Nilikwisha kuifungua. Mfuniko wa nyuma unazungushwa kama kifuniko cha chupa, na ndani yake, mahali ambapo hakuna kitambaa kilichowahi kufika, dhahabu ilikuwepo, inang'aa, na ile ahadi ya miaka ishirini ikisomeka vizuri. Alama za skrubu zilikuwa jozi moja. Na pembeni niliona kitu kilichonifanya niiweke chini kidogo. Sisi mafundi tukiisha kutengeneza saa hukwaruza alama ndogo ndani ya mfuniko, ili atakayekuja ajue fulani alipita hapa. Palikuwa na herufi G na msalaba mdogo chini yake. Mwandiko wa Mzee Gathogo. Sikuwa nimeuona kwa miaka mingi, na sina haya kusema kwamba machozi yalinitoka.

Kwa hivyo niliujua ukweli siku ile ile. Kasha ni lile lile, dhahabu ya nje imesuguliwa ikaisha. Lakini barua nilimnyima. Nilimwambia, "Wewe ni Mkamba, na mimi ni Mkamba. Nikiandika, watasema tumeongea kikwetu tukakubaliana. Mlete wifi yako mwenyewe aone."

"Hawezi kuja kwa ajili yangu."

"Atakuja kwa ajili ya babake. Mwambie saa iko kwangu na nimeifungua."

Siku zilizobaki niliifanyia kazi. Springi kuu ilikuwa imekatika, nikapata nyingine kwenye mkebe wa Mzee, imefungwa kwa karatasi ya nta tangu enzi zake. Niliosha magurudumu kwa petroli, nikasafisha matundu kwa vijiti vya mwisho alivyonichongea baba, nikatia mafuta kwa ncha ya sindano. Mkono wangu ulikuwa umeanza kutetemeka wakati huo, kwa hivyo nilifanya kazi asubuhi tu, baada ya uji, kabla haujachangamka. Kasha sikuligusa. Mjue hilo, nyinyi mnaotaka kila kitu kirudi kipya: kutengeneza saa ni kuifanya itembee, si kuifanya isahau.

Mama Shiro alikuja Alhamisi. Mwanamke mnene, kitenge kimefungwa juu ya sketi, mkoba kwapani. Wanza alikuwa ameketi kwenye kigoda tayari, na nilikuwa nimemwonya kwamba leo hapa ni Kiswahili tu. Nilimkaribisha mgeni kiti. Akasema atasimama.

"Fundi, mimi si mtu wa maneno mingi," akasema. "Nimekuja kukuambia usijisumbue. Hiyo saa naijua. Bodi ilikuwa gold. Gold, si hii makaa."

"Unaijua sana, mama?"

"Utaniuliza mimi? Nimeisugua hiyo saa tangu nikiwa class two. Kila Jumamosi jioni. Baba ananitandikia gazeti kwa meza, ananipatia kitambaa na ile dawa ya kopo, anakaa hapo ananiangalia. Ndugu zangu wote walikuwa wanataka hiyo kazi na aliwanyima. Hata nilipoolewa nilikuwa nakuja kuisugua. Ni hii biashara ndio ilinizuia hiyo miaka ya mwisho. Sasa mtu aje aniambie mimi siijui?"

 Muda wote nilidhani mzee mwenyewe ndiye aliyekuwa akiisugua, na nilikuwa nimejiandaa kumlaumu marehemu, ambaye hakasiriki. Sasa mwenye kitambaa alikuwa amesimama mbele yangu, amekuja na kesi, na kesi ilikuwa ni yake. Ningeweza kumwambia papo hapo. Ningemshinda, naye angetoka pale akiwa adui wa Wanza mpaka kaburini, maana mtu aliyeaibishwa hadharani husamehe mwisho kabisa aliyeshuhudia.

Nikammiminia chai. Nikachukua kitambaa safi, nikakiweka mezani pamoja na saa.

"Nionyeshe vile ulikuwa unafanya," nikamwambia.

Alinitazama kama anapima kama namchezea. Halafu akakaa, kwa mara ya kwanza, akaweka mkoba chini. Aliishika saa mkono wa kushoto, akafunga kitambaa kwenye dole gumba la kulia, akaanza kuzungusha, kutoka katikati kwenda ukingoni, taratibu, kichwa kimeinama upande. Uso wake ulibadilika. Nikamwona yule mtoto wa meza ya gazeti, na nadhani Wanza pia alimwona.

Shaba iliyolala haichukui muda. Doa moja likafunguka chini ya kitambaa, likawa njano, likang'aa. Akasimamisha mkono.

"Si hii gold," akasema, lakini sasa aliuliza.

"Shaba ikisuguliwa sasa hivi inang'ara hivyo hivyo. Ikikaa bila kuguswa inarudi nyeusi. Wewe uliiona siku zote ikiwa imetoka mkononi mwako."

Nikaichukua, nikazungusha mfuniko, nikamfungulia. "Gold ndiyo hii."

Aliangalia ndani, akageuza mfuniko akaangalia nje, akarudi ndani. Nikamwonyesha ukingo, mahali dhahabu inapoishia kama maji yanavyoacha mstari kwenye ndoo. Nikamwonyesha G na msalaba.

"Huyo ni nani?"

"Mzee Gathogo. Aliyenifundisha."

"Gathogo wa Kaloleni? Yule alikuwa anaimba besi kanisani?" Akatabasamu kidogo bila kutaka. "Alikuwa fundi wa baba."

"Alikufa Wanza akiwa msichana wa shule huko Machakos. Mfuniko huu ni yeye aliyeushika. Haujabadilishwa na mtu."

Jirani muuza viatu alikuwa ameacha kuita wateja. Mama Shiro akasema polepole, "Kwa hivyo ni ile ile."

"Ni ile ile."

"Na hiyo gold ya nje imeenda wapi?"

Nilitaka kumjibu kwamba ni miaka. Miaka ni mshukiwa mzuri, haina ndugu wa kuitetea. Lakini kabla sijafungua mdomo alikuwa ameirudisha saa mkononi, na dole gumba lake likakaa lenyewe pale katikati palipozama kidogo, palipolika kuliko penginepo. Lilitoshea. Akalitazama. Akaliinua, akalirudisha.

"Ni mimi," akasema.

 Akaweka saa juu ya kitambaa, mikono yake ikabaki mapajani, na yule mwanamke wa maneno makali akaanza kulia bila sauti, machozi yanateremka tu na yeye hayafuti. Mimi niliumia. Nilikuwa nimejiandaa kumtetea mmoja na sasa nilitaka kuwatetea wote wawili.

"Baba alikuwa anaona?" akauliza. "Alikuwa anaona naimaliza, na ananipatia dawa?"

Ndipo Kaloleni yote ikanirudia: kigoda changu, na mtu mrefu mwenye sauti ya treni, na saa ikirudi mfukoni. Nikamuuliza, "Babako alikuwa gadi?"

"Gadi. Mpaka akastaafu."

"Basi alikuwa anaona. Mzee Gathogo alimwonyesha, mimi nikiwa nimekaa hapo. Alimwambia utabaki na shaba. Na babako akasema, wacha iende. Akasema kwa dhahabu atanunua wapi siku ya kumwona mtoto akifurahi hivyo."

Nilimpa maneno yenyewe, kama Mzee alivyoyarudia kwa miaka, bila kuongeza. Mama Shiro akafunika uso kwa kitenge. Wanza akasogeza kigoda chake.

"Mama Shiro," akasema. "Siku alinipatia hii saa, aliniambia kitu sikuelewa. Aliniambia niitie ufunguo kila asubuhi, isilale. Halafu akasema, lakini usiisugue. Akasema hiyo kazi iko na mwenyewe."

"Alisema hivyo?"

"Ndiyo maana ikawa nyeusi. Mimi nilikuwa nafuata tu vile alisema. Nilidhani mwenyewe ni fundi."

 Saa ilikuwa mezani inatembea, hatua sawa, na sote watatu tuliisikia. Mama Shiro akajipangusa. Alimtazama Wanza, akatazama saa, kisha mimi.

"Sasa, fundi. Nisugue ama nisisugue?"

Mnajua nimeishi nikiwaambia watu nini. Kitambaa kikavu, na taratibu, na dawa ya kopo waiache kwa vitasa vya milango. Nimewagombeza mabwana arusi, nimewagombeza wachungaji. Nilizungusha mfuniko nikaufunga sawasawa, ili ile dhahabu iliyobaki ndani ikae salama, nikamsogezea saa na kitambaa.

"Sugua," nikasema.

Akaanza pale alipoachia, kichwa kimeinama upande. Wanza akanyoosha mkono, akamshikia mnyororo usiburuze mezani. Waliketi hivyo magoti yakigusana, hawasemi, na shaba inafunguka kidogo kidogo mpaka ukingoni.

"Jumamosi uje mapema," Mama Shiro akasema, macho yake hayajatoka kwenye saa. "Chapati za kupika ni nyingi. Na uje nayo."